Vijiko Vinne vya Sukari kwa Mkamwana

Ninyi mnaoanza kazi katika jiko la hospitali mtaambiwa mengi kuhusu usafi, vipimo na kufunga aproni. Sikilizeni yote. Mimi nawaongezea moja ambalo halimo kwenye mabango ya ukutani: ufunguo wa stoo ya sukari uvaeni shingoni, na mkienda chooni nendeni nao. Nimepika hospitali miaka thelathini na mmoja, huku kwetu kati ya Njombe na Makambako, na sijawahi kumkamata mtu akiiba chumvi.

Shule yangu ni darasa la saba. Kwa hiyo msitarajie maneno ya kitaalamu hapa. Nitayasema mambo kama nilivyoyaelewa nikiwa nimeshika mwiko, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mama Debora, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Wiki yangu ya kwanza nilipewa sufuria ya maharage ya wagonjwa wa presha. Nikaonja. Yalikuwa baridi mdomoni, hayana ladha hata kidogo. Nikawaonea huruma wale wazee, nikatia chumvi ya kutosha ngumi yangu. Mama Debora akapita, akaonja. Akachota bakuli, akanipa.

"Kula."

Nikala.

"Ongeza."

Nikaongeza. Bakuli la tatu nikaanza kuangalia ndoo ya maji kama mtu aliyetoka jangwani.

"Huruma yako imeshiba?" akauliza.

"Imeshiba, mama."

"Basi siku nyingine ukimwonea mgonjwa huruma, mwimbie wimbo. Chumvi iache."

Sufuria nzima ikaenda kwa wahudumu wa usafi, wakasema hawajawahi kula maharage matamu kama yale. Ndiyo maana nawaambia, msipike kwa kufuata sifa za wahudumu wa usafi.

Miaka mingi baadaye, mama Debora akiwa ameshastaafu na mimi nikiwa mkubwa wa jiko, aliletwa kwetu muuguzi kutoka Lugarawa, sista Agripina. Mrefu, mwembamba, anatembea kama mtu aliyechelewa basi. Huyu alianzisha darasa la Alhamisi kwa wanawake wenye ugonjwa wa vifuko kwenye ovari, mahali mayai ya uzazi yanapokomaa. Daktari aliuita kwa herufi nne za Kiingereza. Sista alituchorea ubaoni, na mchoro wake ulifanana na zabibu.

Alieleza hivi. Kila mwezi yai moja la mwanamke linatakiwa likomae litoke. Kwa hawa, mayai yanaanza kukua kisha yanakwama, yanabaki pale kama vipele. Homoni zinavurugika. Siku za mwezi zinapotea, au zinakuja kama mgeni asiyetoa taarifa. Chunusi zinatoka, ndevu zinaota kidevuni, wengi wananenepa tumboni, ingawa wembamba nao wanaupata. Na mwili wa wengi wao haujui kuitumia sukari vizuri, kwa hiyo kadiri unavyoujaza vitu vitamu na wanga mwingi, ndivyo unavyozidi kuvurugika. Alisema wazi kwamba ugonjwa huu hautoki moja kwa moja, ila unatulizwa, na kwamba chakula na kutembea ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya daktari, na asiyeziona siku zake kwa miezi asikae nyumbani akila mchicha na kungoja.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusimama mbele na sahani. Nusu ya sahani mboga za majani. Robo maharage, njegere, yai, dagaa au nyama. Robo iliyobaki ugali au viazi. Ni rahisi kama kufagia. Mbona wanawake wa Alhamisi walinitoa jasho!

Mmoja alirudi wiki ya pili amenenepa zaidi. Anaapa anafuata robo. Sista akamwambia alete sahani yake tuione. Akaleta sinia, lile la kulia pilau harusini watu sita. Robo yake ya ugali ilikuwa kilima. Tangu siku hiyo nikajifunza: usimfundishe mtu robo kabla hujaiona sahani. Mwambie ugali usizidi ngumi yake mwenyewe, maana ngumi hana namna ya kuibadilisha.

Mwingine, mama wa makamo mwenye mashavu ya kucheka, alinyoosha mkono.

"Sista, ulanzi unatoka kwenye mwanzi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na mwanzi ni majani."

"Endelea."

"Sasa mimi nikinywa ulanzi asubuhi, hiyo si mboga ya majani?"

Sista Agripina alishika meza kwa kicheko. "Mama, kama ni mboga, tafuna mwanzi wenyewe. Ule wa kwenye kibuyu ni sukari na pombe."

Naye sista msimdhanie malaika. Nilimfumania nyuma ya jiko na maandazi mawili, kila mkono moja. Akaniambia anayapima uzito.

Niwape na ya mikono, yatawasaidia. Sukari kwenye chai usiikate siku moja, mtu atakuchukia akarudi kwenye vijiko vyake. Punguza nusu kijiko kila wiki, tia tangawizi au mchaichai, ulimi unazoea polepole bila kujua umeibiwa. Viazi vyetu vya Njombe vichemshe na maganda, vitatu vyenye ukubwa wa yai, uviweke pembeni ya maharage na kabichi; visiwe mlo wenyewe. Mwanamke aanze na mboga na maharage, ugali aumalizie. Parachichi ni chakula kizuri sana, lakini lile la kusagwa na sukari mpaka kijiko kisimame, hilo ni keki ya kijani. Kula nusu, na ndimu na chumvi kidogo. Utotoni kwetu tuliyaacha yakaanguka nguruwe wakala, na nguruwe wale walikuwa na ngozi nzuri kuliko sisi.

Ugali wa dona je, ule wa unga usiokobolewa? Ukiwapikia watu dona siku ya kwanza wanaona umewapikia njaa. Changanya na sembe, wiki hii robo, wiki ijayo nusu, na uusonge kwa muda mrefu zaidi. Usitangaze. Mimi sikuwahi kutangaza.

Sasa nifike pale ambapo nilikuwa nazunguka. Alhamisi nilikuwa mwalimu wa sahani. Siku sita zilizobaki nilikuwa mama mkwe.

Mwanangu Baraka ananunua viazi mashambani na kuvipakia kwenye malori. Alimwoa Ezelina, binti wa Kikinga kutoka Tandala huko Makete, fundi cherehani mwenye kibanda chake sokoni Makambako. Tukaishi ua mmoja, jiko moja. Ndoa ilifungwa mwaka mmoja baada ya mume wangu Lameki kutuacha. Lameki alitoka asubuhi kwenda kupalilia, akarudishwa amebebwa. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake. Nilitaka kuliita tena lile jina katika ua wangu. Nilitaka kupiga kelele, "Lameki, toka kwenye matope!" na mtu ageuke. Basi. Sikutaka kingine duniani.

Na kwetu vilevile, mkamwana akikonda, watu hawamuulizi yeye. Wanamuuliza mama mkwe kama ghala limeungua. Tena nilikuwa naamini, mimi niliyesimama mbele ya ubao wa sista Agripina, kwamba mke aliyejaa ndiye anayeshika mimba haraka. Kwa hiyo Ezelina alipotoka sokoni jioni alikuta chai ya vijiko vinne, nimekwisha koroga, hana pa kupunguzia. Alikuta sahani ya viazi. Kisha ugali wa sembe, mweupe, wa kupanda kwa ngazi.

"Mama, nimeshiba."

"Kushiba kwa fundi cherehani ni kwa kukaa. Kula, mwanangu."

Alikula. Mkamwana aliyelelewa vizuri hakatai chakula cha mama mkwe wake mbele ya macho yake. Mkinga wa Tandala ndiyo kabisa. Atakula na ahsante atasema. Alinenepa, nikafurahi. Kanisani nikawaambia wenzangu, "Anaanza kujaa." Wakaniangalia kwa wivu.

Mtaniuliza kama sikuona kitu. Niliona. Nilimwona anafunga kitambaa chini ya kidevu hata siku za jua kali. Nikamtania kwamba ametoka Makete na baridi yake mfukoni. Akacheka. Nilikuwa mtu wa utani mzuri wakati ule.

Ikafika Alhamisi moja. Wanawake kama kumi na watano wamekaa kwenye mabenchi, mimi nimeshika sahani kwa mkono huu na upawa kwa mkono huu, na nilikuwa nimetoka kusema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Adui yenu wa kwanza ni chai ya jioni." Mlango ukafunguliwa. Akaingia Ezelina na karatasi ya daktari mkononi.

Hakujua kama mimi hufundisha. Nyumbani nilisema napika tu. Ningesemaje mengine na kijiko cha sukari mkononi? Akaniona, akasimama, akakaa benchi la nyuma kabisa. Nikaendelea kugawa kabichi kwenye sahani. Nusu ya sahani ikajaa, nikaendelea kugawa.

"Karibu, mdogo wangu," sista Agripina akamwambia. Hakujua ni wa kwangu. "Daktari amekuleta. Una muda gani hujaziona siku zako?"

"Miezi saba."

"Pole. Mimba wamepima, hakuna?"

"Hakuna. Wameona vile vifuko."

"Jioni unakula nini?"

Ezelina akaangalia viatu vyake. "Naanza na chai."

"Sukari vijiko vingapi?"

"Vinne."

Mabenchi yote yakageuka. "Vinne!" akasema yule mama wa ulanzi. "Nani anakukoroga hivyo, mwanangu?"

"Huyo ni mama mkwe tu," akadakia mwenye sinia. "Mama mzazi hawezi kukufanyia hivyo!"

Wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Ezelina akasubiri wanyamaze. Akasema polepole, "Ni mama mmoja mwema sana. Hajui tu."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa amenifungulia mlango nitoke, na mlango ulikuwa mpana. Lakini lile neno "hajui" sikustahili kupewa.

"Anajua," nikasema. "Anajua vizuri sana. Ni mimi."

Upawa ulikuwa unadondosha maji ya kabichi kwenye kiatu changu. Halafu mama wa ulanzi akainua mkono taratibu.

"Sista, huyu mwandikie sindano."

Baada ya darasa nilimkuta Ezelina nyuma ya jiko, kwenye rundo la kuni. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza kupanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mama," akasema, "nilikuwa nimeamua kurudi kwetu Tandala. Msimu wa viazi ukiisha, Baraka akipumzika safari, nimwambie."

"Kwa sababu ya chai?"

"Kwa sababu siwezi kukukatalia, na siwezi kuendelea kula. Nikikataa nitaitwa mkorofi. Nikila naharibika. Kwetu naweza kukataa, mama yangu atagomba na yataisha."

"Baraka anajua unaumwa?"

"Baraka anajua nanyoa ndevu kwenye kioo cha kibandani, kwa wembe wa kukatia nyuzi. Anasema zinanipendeza." Akacheka, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko.

Nilimwambia, "Nipe mpaka viazi viishe. Nikikukorogea tena, nenda, na begi nitalibeba mimi mpaka stendi." Akakubali. Nilimwona hakuamini, ila alikubali.

Msije mkadhani niliongoka siku ile. Mkono wa mpishi una akili yake. Mara ngapi nilijikuta nimeshazamisha kijiko cha tatu, na Ezelina nyuma yangu anasema tu, "Mama." Nikakitoa, nikajifanya nilikuwa naangalia kama kina kutu. Baraka alipolikuta dona mezani alilizunguka kwa macho.

"Mama, tumefilisika?"

"Kula."

"Nauliza tu, nijue kama niuze simu."

"Kula, Baraka, au nitakuweka kwenye darasa la Alhamisi."

Alikula. Wiki ya nne aliacha kuuliza. Wiki ya sita akasema suruali inamvuka kiunoni, na akaanza kuwafundisha madereva wa malori habari za robo ya sahani, kwa kukosea sana.

Ezelina alianza kutembea kutoka sokoni mpaka nyumbani badala ya kupanda bodaboda. Siku ya tatu jirani yetu mama Tumaini akaja na uso wa msiba. "Mama Baraka, mmemfukuza yule binti? Namwona anakuja kwa miguu kila jioni, na boda zimejaa." Nikaona bora niende naye. Nikavaa raba za Lameki, zikanizidi, nikazijaza vitambaa kutoka kwenye cherehani ya Ezelina. Kwenye kile kilima cha kutokea sokoni nilisimama mara tatu, ya tatu nikajifanya nasoma bango la mbegu. Ezelina alisimama kila niliposimama, akasoma nami. Mtaani wakasema sasa tumefukuzwa wote wawili.

Daktari alimwandikia vidonge pia, na mwanzoni vilimsumbua tumbo. Hilo litanirudi muda si mrefu.

Kabla ya hapo kuna siku moja sina budi kuisema. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya Lameki. Hatukufanya mkusanyiko, tuliimba tenzi mbili asubuhi na kuomba, basi. Nilipika uji wa ulezi. Na kwenye kikombe cha Ezelina nilitia sukari, nyingi, nikakoroga mpaka ikapotea, nikamletea huku natabasamu. Alionja. Akaweka kikombe chini. Akaingia ndani, akatoka na begi lake, akaliweka mlangoni, akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

Nikachukua kikombe nikaumwaga uji kwenye migomba. Nikapika mwingine. Nilipomletea nilimwambia ukweli: "Nilitaka tu mtu ale kitu kitamu leo." Alinywa ule uji wa pili wote. Jioni begi halikuwa mlangoni tena, lakini sikujua kama limefunguliwa au limesogezwa tu.

Msisubiri mtoto mwishoni mwa habari hii. Nawaambia mapema ili msisome kwa kutafuta nepi. Mjukuu sina mpaka leo ninapoandika. Nina mkamwana, na anaishi nami.

Vidonge, basi. Viazi vilikuwa vinakaribia kuisha, limebaki kama lori moja. Ezelina akaanza kusumbuliwa na kichefuchefu asubuhi. Harufu ya vitunguu hataki. Mimi, mwanamke wa hospitali, niliyesikia kwa masikio yangu daktari akisema vidonge vitamsumbua tumbo, nikakaa chini nikahesabu kwa vidole na nikapata hesabu niliyoitaka. Sikumuuliza yeye. Sista alishatuambia darasani kwamba mwenye ugonjwa huu anaweza kushika mimba hata asipoziona siku, kuna mmoja alikuja kupimwa uzito akakutwa na mimba ya miezi minne. Nikalishika hilo nikaacha mengine yote. Nikampigia simu shangazi yake Baraka, dada wa Lameki, anayekaa Ilembula.

"Wifi," nikamwambia, "Lameki anakuja."

Alipiga kelele ya furaha mpaka simu ikakwaruza.

Siku mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, nimekaa uani namenya viazi. Ezelina akatoka bafuni anakimbia, kanga imefungwa ovyo.

"Mama! Siku zangu! Nimeziona! Zimekuja zenyewe!"

Alikuwa anacheka na kulia. Miezi kumi alikuwa hajaziona. Na mimi kisu kikanianguka. Nikafunika uso kwa aproni nikaanza kulia. Alidhani nafurahi naye, akapiga magoti anikumbatie, akaniondolea aproni usoni. Akaona.

"Mama, unalia nini?"

Sijui kusema uongo, na siku ile ningetamani sana kujua. "Nimemwambia shangazi wa Ilembula kwamba Lameki anakuja."

Akabaki amepiga magoti. Viazi vilikuwa vimetapakaa kati yetu.

"Mama, hata mimi namtaka," akasema. "Unafikiri simtaki? Lakini leo mwili wangu umefanya kitu. Sijawahi kufurahi hivi tangu nije hapa. Unataka nikafurahie wapi?"

Akanyanyuka. Hakuenda ndani, hakuenda popote, alisimama tu ameshika kanga yake. Nikajua kwamba jibu langu ndilo litakaloamua kama huyu binti atakuwa Tandala Jumatatu. Ningekuwa darasani ningempigia makofi. Mwanamke yeyote wa benchi lile angesimama na kusema hivyo, ningeacha upawa nikamkumbatie. Kwangu mwenyewe, uani kwangu, nilikuwa namlilia mtu ambaye hajawahi kuwepo, mbele ya mtu aliyepo.

Nikafuta pua. Nikasimama. Na kwa kuwa sikujua lingine la kufanya kwa furaha ya namna ile, nikapiga vigelegele. Cha kwanza kilitoka na kamasi. Cha pili kilitoka vizuri. Cha tatu kilivuka barabara.

Mama Tumaini akaingia mbio na ndoo yake. "Mama Baraka! Mjukuu?"

"Hapana."

"Amepima ana mimba?"

"Hapana! Mkamwana wangu yuko kwenye siku zake!"

Baraka alikuwa ametokea mlangoni na mswaki mdomoni. Akageuka, akarudi ndani, akafunga mlango. Ezelina akajifunika kanga mpaka kichwani, nayo ikawa inatikisika kwa kicheko.

"Umechanganyikiwa?" mama Tumaini akaniuliza.

Nikamweleza. Miezi kumi, vifuko, chai yangu, dona, raba za Lameki kilimani. Nilidhani atakimbia kwenda kuwahi kuisimulia. Badala yake akaweka ndoo chini, akaangalia nyuma kama kuna mtu.

"Binti yangu Tumaini ana miezi mitano hajaziona," akasema kwa sauti ndogo. "Nimempima mimba mara tatu, nikamgombeza mara tatu. Anaota na ndevu. Nikasema amerithi kwa baba yake." Akashika tena ndoo yake. "Hiyo Alhamisi mnaanza saa ngapi?"

"Saa tatu. Lakini aanze kwa daktari Jumatatu, usingoje. Na usimgombeze mara ya nne."

Alipoondoka Ezelina akafunua kanga, akaja kukaa karibu yangu kwenye gunia la viazi. "Na shangazi?" akauliza.

"Nampigia sasa hivi."

Alisogeza sikio lake kwenye simu, karibu na sikio langu. Shangazi akapokea kwa kunipongeza. Nikamwambia nilikosea, Lameki haji, sijui kama atakuja, na Ezelina ameziona siku zake leo asubuhi na ni mzima. Nikasikia kuku wa Ilembula. Kisha akauliza kama hizo ndizo habari za kumpigia mtu simu asubuhi.

Nikamwambia ndizo.